Sura ya Tano: Je, Mwenye Mkono Mtupu Bado ni Kichwa cha Nyumba?

"Mchungaji, kama mke wangu ndiye anayenilisha, bado mimi ni kichwa cha nyumba?"

Swali hili haliulizwi kanisani mbele ya watu. Huulizwa pembeni, waumini wakishatawanyika, na muulizaji huwa ameangalia chini. Hapa Tana River, ukienda Garsen utalisikia, ukienda Ngao, Wema au Tarasaa utalisikia, na ukipanda hadi Hola utalikuta huko pia. Mara nyingine huja kwa sura nyingine. Nikimwomba mke wangu msamaha, si atanipanda kichwani? Mwanamume anayebeba mtoto mgongoni si atachekwa? Kijana asiyelipiza kisasi cha nduguye si mwoga?

Maswali ni mengi lakini mzizi wake ni mmoja: mwanamume Mkristo wa leo ni mtu wa namna gani? Jibu la sura hii ni kwamba Maandiko humpima mwanamume kwa kile anachokitoa na kwa wale anaowalinda. Hayampimi kwa mali aliyonayo wala kwa watu anaowatawala. Ndiyo sababu mafuriko yanaweza kumnyang'anya shamba lote, na uanaume wake ukabaki mzima.

Mto unapochukua shamba

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa Wapokomo, wakulima wa kingo zake, mto ndio kalenda. Maji hufurika, huacha tope lenye rutuba, kisha watu hupanda mpunga, mahindi na migomba maji yanapopungua. Mwembe uliopandwa na babu huhesabiwa kuwa mali ya ukoo. Kijana alijulikana amekuwa mtu mzima alipokuwa na shamba lake na mtumbwi wake.

Mpangilio huo umetikisika. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa huko juu, kama Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere 1988, yalibadili mwendo wa maji. Siku hizi mara ukame unakausha kila kitu, mara maji yanakuja kwa kishindo. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalifukuza familia nyingi za Tana River hadi kwenye kambi za turubai mahali palipoinuka.

Tumchukue baba mmoja wa kijiji cha ukingoni. Hatumpi jina, maana walio kama yeye ni wengi. Alikuwa na mahindi yaliyoanza kubeba, migomba na miembe minne. Maji yakaja usiku. Sasa mkewe ananunua kambare kwa wavuvi, anawakaanga alfajiri, na kukipambazuka yuko stendi ya Garsen akiwasubiri abiria wa mabasi ya Lamu na Hola. Jioni anatandika kanga kwenye mkeka, anapanga noti na sarafu: hizi za unga, hizi za karo, hizi za chama, hizi za kununua samaki kesho.

Mume anatazama. Wiki za kwanza haulizi kitu. Baadaye anaanza kuuliza kwa ukali mbona amechelewa, na alikuwa akiongea na nani kwenye simu. Mwishowe anadai pesa zote azishike yeye, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume.

Huyu baba hakuzaliwa mkatili. Tangu utotoni ameambiwa kwamba mkono mtupu haulambwi, na wake sasa ni mtupu. Anachokiona kama heshima yake kimekwenda na maji, na anajaribu kukirudisha kwa njia pekee aliyoiona kwa wengine, yaani sauti kubwa. Kumkemea tu hakutamsaidia. Anahitaji kuambiwa upya ukweli kuhusu yeye ni nani.

Aliyoyaandika Paulo, na tunayoyaruka

Hoja ya kwanza ya baba huyu hutoka kwenye Biblia: Waefeso 5, mume ni kichwa cha mke. Maneno hayo yamo kweli. Lakini soma kuanzia aya ya 21, ambako Paulo anawaagiza waumini wote wanyenyekeane wao kwa wao. Kisha hesabu. Wake wameandikiwa aya tatu, ya 22 hadi ya 24. Kuanzia aya ya 25 hadi mwisho wa sura, Paulo anazungumza hasa na waume, na agizo lake kwao ni zito zaidi: wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akautoa uhai wake.

Hakuna hata aya moja hapo inayomwambia mume ahakikishe ametiiwa. Kazi yake ni moja tu, kujitoa. Anayeishika aya ya 23 na kuiacha ya 25 amechukua cheo na kukataa kazi.

Ni kweli kwamba makanisa hayasemi kwa sauti moja juu ya jambo hili. Yako yanayofundisha kwamba mume ana neno la mwisho nyumbani, ila analitumia kwa upole. Yako yanayofundisha kwamba mume na mke huongoza pamoja. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya 1988 kuhusu hadhi ya mwanamke, alifundisha kwamba kunyenyekeana katika ndoa ni kwa pande zote mbili. Kanisa la Kianglikana la Kenya lilipata maaskofu wake wa kwanza wanawake mwaka 2021, Emily Onyango na Rose Okeno. Msomaji atalifuata fundisho la kanisa lake. Hata hivyo, pande zote zinakubaliana kwamba hakuna andiko linalompa mume ruhusa ya kumdhalilisha mkewe.

Sheria ya nchi nayo imesema. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa wanapooana, ndani ya ndoa, na hata ndoa inapovunjika.

Bwana aliyelishwa na wanawake

Turudi kwenye mkono mtupu. Luka 8, aya tatu za kwanza, inasimulia Yesu akizunguka mijini na vijijini na wanafunzi wake. Chakula na gharama za safari zilitoka wapi? Luka anawataja wanawake: Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi, waliowahudumia kwa mali zao wenyewe. Mwana wa Mungu, seremala aliyeacha karakana yake na asiyekuwa na mahali pa kulaza kichwa, alikula chakula kilichonunuliwa kwa pesa za wanawake. Hakuona haya, wala hakudai kuushika mfuko wao. Aliwapa nafasi miongoni mwa wafuasi wake, na wao ndio waliobaki karibu na msalaba wanaume wengi walipokimbia.

Mwangalie pia Akila. Matendo 18 inamweleza yeye na mkewe Prisila kuwa mafundi wa kushona mahema. Walifanya kazi pamoja, wakamkaribisha Paulo nyumbani, wakamfundisha mhubiri Apolo pamoja. Mara kadhaa jina la mke ndilo linalotangulia, na hakuna dalili kwamba Akila alipungukiwa kitu.

Wengine watataja 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Ni onyo la kweli, na linamhusu mwanamume anayekula pesa za shule kwa pombe au muguka, huku watoto wakilala njaa. Halimhusu aliyeporwa shamba na mto. Kutunza ni zaidi ya kuleta noti. Yule baba anaweza kumsindikiza mkewe alfajiri kununua samaki, kuchota maji na kuchanja kuni kabla jua halijakuwa kali, kuwasaidia watoto masomo ya jioni, na kutafuta kibarua bila kuchagua. Nyumba inayoendeshwa hivyo ina baba, hata kama mwezi huu hakuleta shilingi.

Kwa ufupi hadi hapa

- Umaskini si dhambi, wala kupoteza shamba si kupoteza uanaume.
- Waefeso 5 inampa mume wajibu wa kujitoa, haimpi fimbo.
- Yesu mwenyewe alipokea msaada wa wanawake kwa shukrani na heshima.
- Kosa ni kukaa tu, na kubwa zaidi ni kumwadhibu mke kwa sababu anafanya kazi.

Uanaume wa panga na mkuki

Swali la kijana kuhusu kisasi ni gumu zaidi hapa Tana River kuliko mahali pengi, kwa sababu hapa limekwishamwaga damu.

Wapokomo wanalima kando ya mto. Waorma na Wardei wanafuga, na kiangazi mifugo yao lazima ifike majini. Njia inayoachwa wazi ili ng'ombe wapite hadi mtoni huitwa malka. Malka ikilimwa, ng'ombe wanapita shambani. Ng'ombe wakipita shambani, mahindi yanaliwa, mtu anakatwa, na anayelala bila kulipiza anaitwa mwanamke. Ukiongeza ugomvi wa hati za ardhi na siasa za uchaguzi, moto unawaka. Uliwaka mwaka 2001. Ukawaka tena 2012: huko Riketa, tarehe 22 Agosti, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Waorma walizika, Wapokomo walizika.

Tuseme wazi. Aliyeingia kijijini alfajiri na kumkata mtoto hakufanya jambo la kiume, awe alitoka upande gani, na awe amebatizwa au hakubatizwa. Ukristo uliofika bonde hili ulijua vita tangu mwanzo. Mwaka 1886 mmisionari Mmethodisti John Houghton na mkewe waliuawa Golbanti katika uvamizi, na mwaka uliofuata wamisionari wa shirika la Neukirchen kutoka Ujerumani wakafika Ngao. Zaidi ya karne moja ya mahubiri imepita. Ikiwa bado vijana wetu wanaamini kwamba kisasi ndicho kinachomthibitisha mwanamume, basi kuna somo ambalo kanisa halijalifundisha kwa mkazo wa kutosha.

Somo lenyewe limo katika kitabu cha Mwanzo, na linafanana na maisha ya Tana kiasi cha kushangaza. Katika sura ya 13, wachungaji wa mifugo ya Abrahamu na wa Lutu wanagombana kwa sababu malisho hayatoshi. Abrahamu ndiye mkubwa, na Lutu ni mwana wa nduguye, kwa hiyo haki ya kuchagua kwanza ni ya mzee. Badala yake anamwachia kijana achague. Lutu anachukua bonde la Yordani lenye maji tele, na Abrahamu anakwenda upande mwingine akiwa hai, na watu wake wakiwa hai.

Katika sura ya 26 mwanawe Isaka anafanya vivyo hivyo. Isaka alikuwa mkulima na mfugaji kwa wakati mmoja: alipanda nafaka akavuna mara mia, tena alikuwa na makundi ya kondoo na ng'ombe. Watumishi wake walichimba kisima, wenyeji wa Gerari wakakigombania. Akachimba cha pili, kikagombaniwa. Akasogea, akachimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigusa. Baadaye mfalme wa watu wale wale alimfuata kutaka amani. Isaka akawaandalia karamu, wakala, wakaapizana, wakaagana salama.

Je, Isaka alikuwa mwoga? Mwoga hukimbia na kuacha watu wake wakiumia. Isaka aliwavusha wote salama, na aliyemchokoza ndiye aliyekuja kumtafuta. Kuna ushujaa wa kuushika mkono usipige, na ni mgumu kuliko ule wa kupiga, kwa sababu hauimbiwi usiku ule ule.

Hii haimaanishi mtu aache shamba lake liliwe na ng'ombe akae kimya. Haki hudaiwa, lakini hudaiwa mezani. Wapokomo wana Gasa, baraza la wazee wao. Waorma wana lao, Matadheda. Iko Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na wako machifu na mahakama. Mwanamume Mkristo anayekaa na jirani mfugaji Mwislamu kukubaliana malka ipite wapi kabla ya kiangazi ameokoa maisha mengi kuliko aliyenoa panga. Wala hana haja ya kutafuta mbali pa kuanzia mazungumzo: Abrahamu, au Ibrahimu, anaheshimiwa na wote wawili.

Nyumba yenye mlango uliofungwa

Tukilaani damu ya malkani na kunyamazia kilio cha chumbani, tutakuwa wanafiki. Ukatili wa nyumbani, yaani kumpiga, kumtisha, kumnyima chakula au kumlazimisha mke au mtoto, umejificha hata katika nyumba za wazee wa kanisa. Tangu 2015 Kenya ina sheria maalumu ya kuwalinda watu dhidi yake, na ubakaji na unajisi ni makosa makubwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Hapa pana desturi moja inayohitaji kusemwa kwa jina. Katika Tana River na kaunti za jirani, kesi nyingi humalizwa kwa maslaha, mapatano ya wazee ambapo upande uliokosa hulipa faini, mara nyingi mifugo au pesa. Kwa mbuzi aliyepotea au matusi ya sokoni, maslaha ni hekima. Kwa msichana aliyenajisiwa, maslaha ni dhuluma ya pili. Baba anapokea fidia, msichana anabaki na jeraha, na mkosaji anamsalimia njiani. Mwanamume Mkristo anayeketi katika kikao kama hicho ana wajibu wa kusimama na kukataa. Atapoteza marafiki. Yesu naye alimsimamia mwanamke mbele ya wanaume waliotaka apigwe mawe, kama Yohana 8 inavyosimulia.

Anayejua mtu aliye hatarini anaweza kupiga simu bila malipo: 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa watoto.

Baba wa kulea

Wavulana wa leo wanajifunza uanaume kwa nani? Baba wengi wako mbali: mmoja ni mlinzi Mombasa, mwingine yuko na mifugo, mwingine yuko nyumbani lakini haongei. Pengo hilo linajazwa na video za simu na porojo za maskani.

Injili ya Mathayo inaanza na mwanamume asiyenena neno hata moja katika kitabu kizima, Yusufu wa Nazareti. Alimpokea mtoto ambaye hakumzaa, akamlinda Mariamu asiaibishwe, akaamka usiku kuwakimbiza Misri mfalme alipotaka kuua watoto, akarudi, akaanza maisha upya katika mji mdogo. Kazi yake ilikuwa ya mikono. Kwa familia zilizokimbia mafuriko au mapigano usiku, Yusufu ni mtu wa karibu sana.

Bonde hili lina urithi wa kujivunia katika malezi. Sauti ya wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, na anayekumbukwa kwa kuutoa ni mwanamume, Mzee Meza Galana. Kila mara jeshi la Kenya linaposimama wima na kupiga saluti kwa wimbo huo, linaiheshimu sauti ya mzazi wa Tana anayemtuliza mtoto asilie. Baba anayeona haya kumbeba mwanawe hadharani na akumbuke hilo.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema wajibu wa kumtunza mtoto ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au la. Kwa hiyo kijana aliyempa msichana mimba akahamia Malindi hajakwepa aibu tu, amekimbia wajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Kwake toba huanza kwa kurudi kumtunza mtoto.

Pa kuanzia

Vyama vya wanaume vimo katika makanisa yetu mengi. Visiishie kuchangia mabati na kupanga mazishi. Kikundi chochote cha wanaume kinaweza kuanza na haya:

1. Kila mwezi, wanaume wakae na wavulana wa umri wa kubalehe, wazungumze nao wazi kuhusu mwili, pesa, hasira na heshima kwa wasichana.
2. Kabla ya kiangazi, watume wawakilishi kwa wazee wa jamii jirani kuhusu malka na malisho.
3. Aliyepoteza shamba atembelewe na wenzake wiki ile ile, wamsaidie kujenga na kupanda tena, asiachwe peke yake na mawazo.
4. Anayempiga mke asipewe uongozi wa aina yoyote kanisani hadi abadilike na mkewe athibitishe.
5. Mume na mke wapange bajeti pamoja, kila mmoja akijua kilichoingia na kilichotoka.

Muhtasari wa sura

Mwanamume Mkristo hutambulika kwa kujitoa kwa ajili ya wa kwake, kwa kuushika mkono wake usimwage damu, kwa kusema kweli kikaoni hata ikimgharimu, na kwa kuwalea watoto, aliowazaa na wasio na mtu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ekari, ng'ombe au mshahara. Basi yule aliyeuliza swali akiangalia chini ainue uso wake: nyumba yake bado inamhitaji, na kazi ya leo iko tayari inamsubiri.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni lini mara ya mwisho ulimshukuru mkeo kwa pesa alizoleta nyumbani?
2. Kijijini kwenu, malka iko wapi, na nani alikubaliana na nani kuihusu?
3. Mvulana anayekuangalia kila siku anajifunza nini kuhusu hasira?